Pengo la Ufaulu Halianzii Katika Chumba cha Mtihani

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, ahli zake na sahaba zake. Amma baad.

Ndugu zangu katika imani, kila yanapotangazwa matokeo ya kidato cha nne husikika kauli mbili misikitini mwetu. Wapo wasemao: “Watoto wetu hawana akili.” Wengine husema: “Tumeonewa.”

Kauli ya kwanza ni kumdhulumu mtoto. Matokeo ya mwaka 2012 yalipotangazwa kwa mara ya kwanza, takriban watahiniwa 6 katika kila 10 walipata daraja sifuri. Je, taifa zima halikuwa na akili? Kauli ya pili ina historia yake, kwani zama za ukoloni shule nyingi zilikuwa mikononi mwa wamisheni, na wazee wetu wengi walihofia dini ya watoto wao. Lakini historia peke yake haimfundishi mtoto Hisabati.

Basi na tutazame pengo linavyojengwa. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali, hapa Tanzania Bara, hufundishwa kwa Kiswahili. Aingiapo kidato cha kwanza, Hisabati, Biolojia na Jiografia humjia kwa Kiingereza. Kando yake ameketi mwenziwe aliyelipiwa shule ya msingi inayofundisha kwa Kiingereza. Swali ni moja, lakini mmoja analijibu, na mwingine bado analitafsiri. Mwaka 1982 Tume ya Rais iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza Kiswahili kitumike hadi sekondari. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Sisi tuliosoma kwa Kiarabu twaijua hali hiyo: mtu huifahamu mas’ala, akakosa maneno ya kuieleza, na anayemsikiliza akadhani hajui.

Ada imefutwa, shule za msingi mwaka 2001 na sekondari hadi kidato cha nne mwaka 2016. Mlango umefunguliwa kwa wote. Hata hivyo, yupo anayelipiwa masomo ya ziada jioni, na yupo binti ambaye jioni hiyo hiyo anachota maji, anapika na kulea wadogo zake. Hao wakitofautiana katika mtihani, tusiseme wametofautiana vichwa. Wametofautiana saa za kusoma.

Suala la lugha ni la serikali, nasi tuna haki ya kulidai kwa hoja. Saa za mtoto, ndugu zangu, ni amana yetu sisi. Kwa hiyo nawausia mambo manne.

Kwanza, walimu wa madrasa tupange vipindi kwa kuzingatia ratiba ya shule. Mtoto akitoka shule aje kwetu hadi Magharibi, kisha akatumwe dukani, atasoma saa ngapi?

Pili, msikiti wenye umeme uwe wazi baada ya Isha kwa ajili ya wanafunzi. Walimu na vijana wa vyuo waliomo katika safu zetu wajitolee kufundisha Kiingereza na Hisabati. Mtoto wa jirani asiye Muislamu akija, naye akaribishwe.

Tatu, kazi za nyumbani wagawane kaka na dada.

Nne, wazazi wa kiume tuhudhurie vikao vya shule, tusiwaachie akina mama peke yao.

Tutakuja kuulizwa juu ya amana hii. Tuanze kabla matokeo mengine hayajatoka.

Wabillahi tawfiq.