Gesi ya Mnazi Bay na jibu lisilokwisha

Gesi ya Mnazi Bay, Mtwara, iligunduliwa mwaka 1982. Kiwanda cha kuisafisha kiko Madimba. Kukadiria ujazo wa gesi iliyogandamizwa, wahandisi hutumia milinganyo ya kipeo cha tatu, kama wa Peng na Robinson wa 1976. Majibu yakiwa matatu, kubwa ni la gesi, dogo la kimiminika. La katikati hutupwa.

Desimali chache zinawatosha. Wanahisabati hawatosheki, nami nawaunga mkono. Chukua jibu la mlinganyo rahisi wa kipeo cha tatu, yaani kipeuo cha tatu cha 2, uliandike kama sehemu ndani ya sehemu; namba zake ni 1, 3, 1, 5, 1, 1, 4... Namba za vipeuo vya pili vya namba nzima, visipokuwa kamili, hujirudia, alithibitisha Lagrange mwaka 1770. Za kipeuo hiki cha tatu hazijirudii kamwe, na mpaka leo hakuna ajuaye kama zina ukomo wa ukubwa.