Ujira wa Kibarua na Siku Sitini



Kibarua ni barua ndogo. Katika mashamba ya walowezi, enzi za ukoloni, mfanyakazi alipewa kipande cha kuandikiwa siku 30 za kazi, naye hakulipwa mpaka kijae. Bwana shamba alipokataa kutia alama, jasho la kutwa lilipotea.

Walowezi wa Kijerumani waliopanda kahawa Oldeani kati ya vita kuu mbili wamekwisha kuondoka, kahawa ingalipo. Karatu sasa ina pia hoteli na makambi ya watalii waendao Ngorongoro, na wapo wachumaji, wapishi na madereva wanaoambiwa: "Ngoja msimu uchanganye, utalipwa." Ahadi hiyo ni ya hatari kuliko matusi. Kwa mujibu wa kanuni za mwaka 2007, dai la ujira hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipozuka. La kuachishwa kazi, siku 30 tu. Anayengoja watalii wa Julai kwa deni la Machi amekwisha kuchelewa, na itambidi kwanza aombe kusikilizwa nje ya muda, tena kwa sababu ya kutosha.

Lipo na neno lisemwalo kwa kunong'ona: "Sina mkataba, nitadai nini?" Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imelijibu. Kuandika masharti ya kazi ni wajibu wa mwajiri, si wa mwajiriwa. Shauri likifunguliwa naye akashindwa kutoa maandishi hayo, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalodaiwa humwangukia yeye. Matajiri wengi wanalijua hilo. Vibarua wao ndio wasiojua.

Na kibarua wa Rhotia au Mang'ola hatasoma kanuni. Atakwenda kwa mwalimu au kwa mtendaji wa kijiji, pengine ameshika daftari la mtoto ambamo amehesabu madebe aliyochuma. Daftari hilo lisidharauliwe, maana ni ushahidi. Zitazamwe tarehe kabla ya jambo lolote, kisha asaidiwe kujaza fomu namba moja ya Tume. Nakala yake apelekewe mwajiri, na uthibitisho kwamba ameipokea uambatishwe.