Sindano Moja Yatosha: Jambo Lililopimwa Mwanza



Nimepewa nafasi niseme machache juu ya utafiti wa afya, nami nimechagua kansa ya mlango wa kizazi. Naona baadhi yenu mnatazamana. Mnasema hayo ni ya akina mama, sisi wanaume yatuhusu nini? Kansa hii huletwa na virusi viitwavyo HPV, navyo huambukizwa kwa kujamiiana. Sisi kizazi hatuna, lakini virusi tunavyo, na kuvipeleka tunavipeleka. Mjerumani Harald zur Hausen alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2008 kwa kuuvumbua ukweli huo. Hapa Tanzania hakuna kansa inayowaua wanawake wengi kuliko hii.

Chanjo ilipotoka mwaka 2006, msichana alitakiwa achomwe sindano tatu. Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani likasema mbili zatosha kwa walio chini ya miaka 15. Tanzania ilianza nchi nzima Aprili 2018, sindano mbili, kwa wasichana wa miaka 14. Sasa pigeni hesabu. Sindano ya pili maana yake gari litiwe mafuta tena, muuguzi aiache tena zahanati, mtumbwi uvuke tena kwenda visiwani, na msichana yule yule apatikane. Aliyehamia kwa shangazi yake Geita ndiyo basi tena. Je, moja haitoshi?

Swali hilo lilipelekwa kwa watoto wa Mwanza. Kuanzia mwaka 2017 watafiti wa NIMR, wakishirikiana na chuo cha London School of Hygiene and Tropical Medicine, waliandikisha wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14, wa shule za hapa hapa. Utafiti ukaitwa DoRIS. Kwa bahati nasibu wengine walipewa sindano moja, wengine mbili, wengine tatu, kisha damu yao ikapimwa. Baada ya miaka 2, zaidi ya 90 katika kila 100 ya waliochomwa mara moja tu walikuwa bado na kinga dhidi ya aina ya 16 na ya 18, ambazo ndizo huleta kama kansa 7 katika kila 10 za namna hii. Kiasi cha kinga yao kilikuwa kidogo kuliko cha wenzao, hilo lisifichwe, lakini kilidumu.

Mtu makini atauliza: kinga kuwamo katika damu ndiko kuzuia ugonjwa? Hilo lilijibiwa na jirani zetu. Kenya, katika Kisumu ya ziwa letu hili, Thika na Nairobi, walichukua wanawake vijana 2,275 wa miaka 15 hadi 20. Katika miezi 18 sindano moja ilizuia maambukizo ya kudumu ya aina hizo mbili kwa asilimia 97.5. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likaikubali sindano moja, na Aprili 2024 Tanzania ikaifuata, kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Wanaosema inafunga uzazi wanasema uongo.

Lakini chanjo haimtibu aliyekwisha kuambukizwa. Mama zenu na wake zetu dawa yao ni kupimwa. Muuguzi hupaka siki kwenye mlango wa kizazi. Penye hitilafu hugeuka peupe, na mara nyingi pakatibiwa siku hiyo hiyo kwa kugandishwa au kwa joto. Kansa hii huchukua miaka 10 na zaidi kukomaa, kwa hiyo nafasi ipo. Toka hapa Mkuyuni hadi Bugando ni safari ya daladala tu. Toka kisiwani ni siku nzima, na mara nyingi nauli imo mfukoni mwa mume.