Soma Hati ya Suluhu Kabla ya Kutia Sahihi

(Mazungumzo kwa wahitimu wa kisomo, Lukozi, Wilaya ya Lushoto)

Leo tunataka tuzungumze juu ya ajali na fidia. Tutajibu swali moja: mtu akiumizwa kwa makosa ya watu wawili, halafu akapatana na mmoja, je, yule wa pili bado anadaiwa?

Tuchukue mfano. Lori la kabichi limeharibika kwenye kona, njia ya kutoka Lukozi kwenda Lushoto. Ukungu ni mzito. Dereva wa lori hakuweka alama yoyote nyuma, hata matawi ya miti. Basi linakuja mbio, linaligonga lori. Mama mmoja, abiria wa basi, anavunjika mguu. Nani ana kosa? Wote wawili. Dereva wa lori alizembea, na dereva wa basi alizembea.

Tuseme hasara ya mama ni shilingi 12,000,000. Sheria inamruhusu kuwadai wote wawili, au kumdai mmoja fedha zote. Lakini hawezi kulipwa mara mbili kwa mguu ule ule.

Basi, kabla ya kesi, wakala wa bima ya basi anafika nyumbani na shilingi 4,000,000 na karatasi. Mama ana shida, dawa zinataka fedha. Anatia sahihi. Je, zile 8,000,000 zilizobaki atazipata kwa mwenye lori?

Ndugu zangu, jibu limo ndani ya ile karatasi. Tuangalie hatua kwa hatua.

1. Karatasi ikisema, "Nimepokea 4,000,000 kutoka kwa mwenye basi, ni sehemu tu ya hasara yangu, na haki yangu ya kumdai mwenye lori inabaki," mama yuko salama. Atamdai mwenye lori, na zile 4,000,000 zitatolewa katika hesabu.

2. Karatasi ikisema, "Nimelipwa hasara yangu yote iliyotokana na ajali hii," hapo kuna hatari. Mwenye lori atasema: umekwisha kulipwa, unadai nini tena?

Jambo hili limewahi kutokea. Huko Uingereza fundi mmoja aliugua kwa vumbi la asbesto. Alipatana na mwajiri wake kwa pauni 80,000, ikaandikwa kuwa ni malipo ya mwisho na kamili. Hasara yake kamili ilifika kama pauni 130,000. Alipokufa, mjane wake alilidai shirika la umeme ambalo mumewe alifanya kazi katika vituo vyake. Mwaka 1998 mahakama ya juu kabisa ya huko ilimkatalia. Ilisema deni lilikwisha siku ya suluhu. Hukumu hiyo haizifungi mahakama zetu, lakini mawakili huzitumia hukumu za namna hiyo.

3. Dereva na tajiri wake ni jambo jingine. Hao sheria huwahesabu kuwa na kosa moja. Kwa kanuni ya zamani ya Kiingereza iliyorithiwa nchini kwetu, ukimsamehe mmoja kabisa, umemsamehe na mwenzake. Kwa hiyo usimwandikie dereva maskini, "nimekusamehe yote," huku unamtazamia tajiri akulipe. Andika kwamba hutamdai yeye, lakini haki yako juu ya wengine inabaki.

4. Wakosaji nao wana hesabu yao. Sheria yetu, Sura ya 310, inawaruhusu wachangiane. Tuseme mahakama inaona basi lina kosa theluthi mbili na lori theluthi moja. Sehemu ya basi ni 8,000,000, ya lori 4,000,000. Mwenye lori akiamriwa kumlipa mama 8,000,000, anaweza kuiomba mahakama mwenye basi amrudishie 4,000,000. Ndiyo maana karatasi nyingine humtaka aliyeumia aahidi kumfidia mwenye basi akidaiwa hivyo. Mkiona maneno hayo, simameni kwanza! Fedha uliyopewa kwa mkono wa kulia itatoka kwa mkono wa kushoto.

5. Msisahau muda. Madai ya uzembe wa namna hii yana miaka 3 tu. Mazungumzo ya suluhu hayasimamishi hesabu ya siku. Wengine huzungushwa na "njoo kesho" mpaka miaka imekwisha.

Hatusemi suluhu ni mbaya. Suluhu huleta fedha mapema na huepusha safari za mahakamani. Tunasema: omba karatasi ubaki nayo siku mbili tatu. Isome neno kwa neno. Tafuta maneno "yote", "kamili" na "mwisho". Kama hukuelewa, au imeandikwa kwa Kiingereza, mwone wakili au msaidizi wa kisheria. Sheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi hao, na mtu asiye na uwezo husaidiwa bila malipo.

Zamani wengi wetu tulitia dole gumba bila kujua kilichoandikwa. Leo tunajua kusoma. Tukisome kile kinachogusa haki yetu, maana maji yakimwagika hayazoleki.

Maswali ya kujadili katika kikundi:
(a) Kwa nini mama hawezi kulipwa mara mbili?
(b) Andikeni hati fupi ya suluhu inayolinda haki ya mama juu ya mwenye lori.