Kifafa na Vivuko vya Ubongo
Hotuba ya Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Garissa



Kazi yangu katika Chama hiki ni kuandika maneno ya watu wengine, wala si kusema yangu. Kwa sababu hiyo, Kamati iliponiagiza kutoa hotuba ya mwaka huu nilitaka kuomba udhuru. Lakini nilipokuwa nikinakili hesabu za Mfuko wa Maafa nilikutana na jambo moja lililoninyima usingizi, nikaona afadhali nilitoe hapa mbele yenu kuliko kukaa nalo moyoni.

Katika kitabu cha hesabu imeandikwa kwamba tulitoa fedha za sanda na za gari kwa ajili ya kijana mmoja, mwana wa mwanachama mwenzetu, aliyeanguka mtoni akiteka maji. Kijana huyo alikuwa na kifafa. Kwa muda wa miaka miwili alikuwa amepata nafuu kwa vidonge alivyopewa hospitali, hata akarudi kwenye kazi yake ya kuchunga. Vidonge vilipokaribia kwisha, baba yake alituletea ombi la nauli ili amrudishe mtoto kwa daktari. Sisi tukamjibu kwamba Kanuni ya Saba ya Chama yaruhusu fedha kwa mazishi, moto na mafuriko, wala haitaji ugonjwa. Barua ile niliiandika mimi kwa mkono wangu, nikaipiga muhuri. Baba yake yumo humu ukumbini leo, naye ndiye aliyeniruhusu kuyasema haya.

Tangu siku ile nimekuwa nikitafuta kujua ugonjwa huu ni kitu gani, na vidonge vile vilikuwa vikifanya nini ndani ya kichwa cha yule kijana. Mimi si daktari. Elimu ya viumbe niliyofundishwa na walimu wa misheni iliishia kidato cha nne, na mengine nimeyapata kwa kusoma na kwa kuwauliza wenye ujuzi. Nitayaeleza kama nilivyoyaelewa.

Wazee wetu mwajua kwamba kila kabila linalokunywa maji ya Tana lina maelezo yake juu ya kifafa. Wako wasemao ni jini, wako wasemao ni laana ya ukoo, na watu wa pwani waliita degedege la watoto kwa jina la ndege, wakidhani kiumbe apitaye usiku ndiye amwangushaye mtoto. Siwacheki waliosema hivyo. Mtu akimwona mwanawe mzima anapiga kelele, anakakamaa, anatoa povu, kisha anaamka asijue lililompata, atatafuta sababu kubwa inayolingana na kitisho hicho. Lakini yafaa tukumbuke kwamba hata zamani walikuwako waliofikiri vingine. Ibn Sina, tabibu mkuu wa Waislamu aliyefariki mwaka 1037, aliuandika ugonjwa huu katika kitabu chake cha utabibu miongoni mwa magonjwa ya ubongo. Jambo hilo limekaa katika maandishi ya tabibu wa Kiislamu kwa karibu miaka elfu moja, nasi twalipokea leo kana kwamba limeletwa jana na ndege kutoka Ulaya.

Sasa, ubongo umejengwaje? Una chembe hai za fahamu zipatazo bilioni 86. Kila chembe ina nyuzi nyembamba, na habari hukimbia katika nyuzi hizo kwa nguvu ya umeme mdogo. Zamani wataalamu wengine walidhani nyuzi hizo zimeungana zote kama wavu wa mvuvi. Baadaye ikathibitika kwamba hazikuungana. Baina ya mwisho wa uzi mmoja na chembe inayofuata iko nafasi. Mwaka 1897 Mwingereza Charles Sherrington alipaita mahali hapo pa kukutania sinapsi, na jina hilo latumika hata leo. Nafasi yenyewe ni ndogo mno: ukipanga nafasi kama 5,000 moja juu ya nyingine utapata unene wa karatasi hii niishikayo.

Hapo mto wetu utanisaidia. Mwakumbuka mwisho wa mwaka 2023, na tena Aprili 2024, Tana ilipofurika ikakata barabara baina ya Madogo na Garissa. Malori yaliyotoka Nairobi yalifika kwenye maji yakasimama. Barabara ilikuwa njema upande huu, na ilikuwa njema upande ule. Taabu yote ilikuwa pale katikati. Waliotaka kuvuka walipanda mashua, na wako waliopotea katika maji hayo, Mwenyezi Mungu awarehemu. Basi sinapsi ni kivuko cha namna hiyo. Umeme hufika ukingoni ukakoma, na habari huvuka ng'ambo kwa mashua.

Aliyethibitisha kwamba mashua hizo zipo ni Otto Loewi, mwalimu wa chuo kikuu cha Graz katika nchi ya Austria. Kisa chake kitawapendeza wazee, maana kilianza kwa ndoto. Loewi mwenyewe alisimulia kwamba aliamka usiku, akaandika alichokiota, na asubuhi akashindwa kuusoma mwandiko wake. (Makarani wenzangu wataelewa.) Usiku wa pili ndoto ikarudi, naye mara hii hakungoja asubuhi, akaenda moja kwa moja kwenye chumba chake cha kazi. Alichukua mioyo miwili ya vyura ikidunda ndani ya maji ya chumvi. Aliusisimua mshipa wa fahamu wa moyo wa kwanza, nao ukapunguza mwendo. Kisha akayachukua yale maji akauwekea moyo wa pili, ambao haukuguswa na mtu. Nao pia ukapunguza mwendo! Kumbe mshipa ulikuwa umemwaga kitu majini, na kitu hicho ndicho kilichobeba amri. Hayo yalikuwa mwaka 1921, na mwaka 1936 Loewi na Mwingereza Henry Dale walipewa Tuzo ya Nobel kwa elimu hiyo.

Tangu hapo zimegunduliwa dawa nyingi za mwili zinazovuka katika sinapsi. Kwa habari ya kifafa yatosha kuzijua mbili. Moja huitwa glutamati, na amri yake ni "pita". Ya pili huitwa gaba, na amri yake ni "simama". Katika ubongo mzima amri hizi mbili hupimana usiku na mchana kama vitanga vya mizani sokoni. Mizani ikilalia upande wa "pita", chembe nyingi hupiga kelele pamoja kwa wakati mmoja, na mwili unaotawaliwa nazo huanguka na kutetemeka. Hilo ndilo tukio la kifafa. Mizani yaweza kuharibiwa na mambo mengi: mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, pigo la kichwa kama lile la wapanda bodaboda wasiovaa kofia, na pengine urithi. Aghalabu sababu yenyewe haijulikani. Lakini povu halimwambukizi mtu yeyote. Nalisema hili kwa nguvu, maana wako watu waliowaacha wagonjwa wakiungua katika mafiga kwa kuogopa kuwagusa.

Kidonge alichokuwa akimeza yule kijana ni fenobabitoni. Ni dawa ya zamani na ya bei nafuu. Mjerumani Alfred Hauptmann ndiye aliyeonyesha mwaka 1912 kwamba inazuia kifafa. Dawa hii haiongezi gaba mwilini. Kazi yake ni kuufanya mlango unaofunguliwa na gaba ukae wazi muda mrefu zaidi, na hivyo neno "simama" lisikike sawasawa. Hapa ndipo palipo na jambo lililonichoma, Bwana Mwenyekiti. Ubongo ukiisha kuzoea msaada huo hujipanga kwa kuutegemea. Msaada ukiondolewa ghafula, mizani haibaki mahali pake, bali hulala kwa kishindo upande wa pili. Mgonjwa aweza kushikwa mara baada ya mara bila kupata fahamu katikati, na hali hiyo huua. Kwa hiyo mtu aliyenyimwa vidonge baada ya miaka miwili ya kuvimeza yumo katika hatari ambayo sisi, tulipokuwa tukisoma Kanuni ya Saba, hatukuijua.

Wala sisemi kwa kukisia. Jirani zetu wa Kilifi wana kituo cha utafiti cha KEMRI kilichoanza kazi na Wellcome Trust mwaka 1989, na wataalamu wa hapo wamekifuatilia kifafa nyumba kwa nyumba. Katika taarifa iliyotolewa mwaka 2013, iliyolinganisha sehemu tano za Afrika, Kilifi ilionekana kuwa na watu karibu 8 katika kila 1,000 wenye kifafa cha kuanguka, na Ifakara huko Tanzania karibu 15. Walipopima damu ya wagonjwa wa Kilifi badala ya kuuliza kwa mdomo, waliona kwamba zaidi ya nusu hawakuwa na dawa mwilini. Taarifa nyingine ya Kilifi, ya mwaka 2014, ilionyesha kwamba wenye kifafa walikufa zaidi ya mara sita kuliko majirani zao, na miongoni mwao wale wasiofuata dawa walikufa zaidi ya mara tatu kuliko wanaozifuata. Shirika la Afya Duniani nalo lasema kwamba hata watu 70 katika 100 wenye kifafa wangeweza kuishi bila kuanguka, kama wangepimwa vema na kutibiwa. Jambo hili lilijaribiwa katika nchi zetu zamani: karibu na mwaka 1960 daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alifungua kliniki ya kifafa katika milima ya Mahenge huko Tanganyika, na dawa aliyoitegemea ilikuwa hiyohiyo fenobabitoni.

Elimu haikusimama hapo. Mwaka 2004 iligunduliwa kwamba dawa mpya iitwayo levetirasetamu hushika zile mashua zenyewe kabla hazijang'oa nanga. Na mwaka 2007 Josep Dalmau na wenzake huko Philadelphia, Marekani, walieleza ugonjwa mwingine ambao kinga ya mwili huishambulia gati ya glutamati. Mgonjwa, mara nyingi mwanamke kijana, huanza kusema maneno ya ajabu, kuona yasiyokuwapo, kisha hushikwa na kifafa. Hapa kwetu mtu kama huyo angechezewa ngoma au angefungwa kamba. Wengi wao hupona wakitibiwa mapema. Nilipoyasoma hayo niliwakumbuka watu wawili watatu niliowaona utotoni, nikafunga kitabu kwa muda.

Neno moja juu ya miraa, na wazee wangu mniwie radhi, kwa kuwa najua ninapozungumzia na ni saa ngapi. Jani bichi lina kitu kiitwacho kathinoni, ambacho huzisukuma mashua za ukingoni zitoke nyingi kwa pamoja; ndiyo sababu mtu huchangamka, na ndiyo sababu hukesha. Nacho hupungua nguvu upesi jani likinyauka, ndiyo maana magari ya Meru yanakuja mbio vile. Kwa mtu mwenye kifafa kukesha peke yake ni hatari, maana kukosa usingizi huita tukio. Kwa hiyo kijana mwenye ugonjwa huu asikae barazani na watafunaji.

Mkimwona mtu ameanguka, ondoeni vitu vikali na moto karibu naye, mwekeeni nguo laini chini ya kichwa, na mgeuzeni ubavu. Msimtie kijiko wala kidole kinywani, wala msimkandamize. Tazameni saa: zikipita dakika tano hajatulia, apelekwe hospitali mara moja. Mwezi wa Ramadhani mgonjwa asiache dawa kwa shauri lake mwenyewe. Fenobabitoni aghalabu humezwa mara moja kwa siku, usiku, na daktari aweza kumpangia saa. Mama mja mzito naye amwone daktari, kwa sababu baadhi ya dawa za kifafa zaweza kumdhuru mtoto tumboni na lazima zibadilishwe kwa utaratibu.

Bwana Mwenyekiti, naomba kuleta hoja. Kwamba katika Kanuni ya Saba, baada ya neno "mafuriko", yaongezwe maneno haya: "na nauli pamoja na gharama ya dawa kwa mgonjwa wa kifafa aliye katika nyumba ya mwanachama, ili dawa zake zisikatike." Mweka Hazina amepiga hesabu pamoja nami. Fedha tulizotoa kwa mazishi yale zingaliweza kumnunulia yule kijana vidonge na nauli kwa muda mrefu kuliko miaka miwili aliyokwisha kuishi navyo.

Nakala ya barua niliyoiandika imo katika jalada hili hapa mezani. Mwenye kutaka kuisoma kabla ya kura na aje.