Kioo cha Gari la Zamani: Usalama wa Abiria na Uhalali wa Mali

Hotuba kwa wakazi wa Nakivale, madereva na mafundi wa Mbarara



Tumekuja kuzungumzia jambo linaloonekana dogo, nalo ni kioo cha gari. Tangu mwisho wa miaka ya 1950 Nakivale imepokea watu wa mataifa mengi, na maisha ya hapa hutegemea safari ya kwenda Mbarara: sokoni, hospitalini, shuleni. Wengi wetu husafiri katika magari yaliyozeeka. Mwaka 2018 sheria ya Uganda ilizuia kuingizwa nchini kwa magari yenye umri wa miaka 15 au zaidi, lakini yaliyokwisha kusajiliwa bado yamo barabarani. Kioo cha Land Rover ya kale au cha Peugeot 504 kikipasuliwa na kokoto, kukipata kingine ni kazi. Hapo ndipo vishawishi viwili huingia: kutia kioo cha nyumba, na kununua kioo kisichojulikana kilikotoka.

Kishawishi cha kwanza huhatarisha maisha. Kioo cha mbele kinachofaa kina tabaka mbili zilizobanwa na utando wa plastiki katikati; kikipigwa hupasuka, lakini vipande hushikwa na utando. Kioo cha mlangoni hupashwa joto kali kiwandani na kupozwa ghafla. Kikivunjika humwagika mithili ya punje za mahindi. Kioo cha dirisha la nyumba hakina sifa hizo. Hupasuka vipande virefu vyenye makali ya kisu, na wa kwanza kukutana navyo ni mtoto aliyepakatwa kando ya mlango.

Baadhi ya magari ya miaka ya 1960 na 1970 yalitoka kiwandani yakiwa na kioo cha mbele cha aina ile inayomwagika. Kikipigwa, hujaa nyufa chote mara moja na dereva haoni njia. Mwenye gari la namna hiyo, siku ya kubadilisha, achague cha tabaka mbili.

Je, kitapatikanaje? Land Rover za kale zina vioo vilivyo bapa. Fundi hodari huweza kupima fremu, kuchora kigezo cha karatasi ngumu, na kukata bamba la kioo cha tabaka mbili. Kioo kilichopozwa ghafla hakikatwi kamwe. Ukijaribu kukikata huvunjika chote. Kioo kilichopinda, kama cha mbele cha Peugeot 504, sharti kiwe kimetengenezwa kwa gari hilo. Kitafuteni kwa wauza spea wa Mbarara, au agizeni Kampala, katika maduka ya Kisekka. Tazameni alama ya kiwanda kwenye pembe ya kioo. Kisicho na alama yoyote kitiliwe shaka.

Mafundi wetu, kazi ya kukitia mnaifahamu, nasi twasisitiza machache. Kwanguweni kutu kwenye fremu na kupaka rangi kabla ya kurudisha mpira, maana usipoziba ufa utajenga ukuta. Mpira uliokauka na kupasuka usirudishwe. Valisheni kioo mpira, tieni kamba katika mfereji wake, pakeni maji ya sabuni. Mmoja asukume taratibu kutoka nje, mwingine avute kamba kutoka ndani. Kwa kioo cha mlangoni, ondoeni vipande vyote vilivyoangukia ndani ya mlango, na zibueni matundu ya kutolea maji yaliyo chini. Vaeni glavu na miwani.

Kishawishi cha pili huvunja amani ya majirani. Kununua au kupokea mali huku ukijua kuwa imeibwa ni kosa la jinai nchini Uganda, na kila anayenunua bila kuuliza humwongezea mwizi soko. Magari mengine huchorwa namba ya usajili au ya chasisi kwenye vioo. Ikiwa namba hiyo imekwanguliwa, au haifanani na maelezo ya muuzaji, msinunue. Dai risiti yenye jina la muuzaji, tarehe na aina ya gari. Fundi naye aweke daftari la vioo anavyonunua. Siku ya mashaka, daftari hilo litamtetea.

Kioo chako kikivunjwa na mhalifu, usifagie kwanza. Piga picha, kisha toa taarifa kituoni, au piga simu 999 au 112. Kutoa taarifa hakulipiwi. Mkimbizi ana haki ya kulindwa na sheria kama jirani yake mwenyeji. Asiyeimudu lugha ya kituoni aje na kiongozi wake au mtu amwaminiye.

Twajua kioo halali huenda kikagharimu zaidi, na kipato ni kidogo. Ndiyo maana twawaomba wenye magari wa kijiji kimoja waagize kwa pamoja, na abiria wawe wavumilivu gari likilala gereji siku mbili. Heri kuchelewa Mbarara kuliko kumfikisha mtoto hospitalini akiwa na jeraha la kioo.

 Sasa tuko tayari kupokea maswali.