Taarifa za Waganga na Magonjwa ya Zinaa

Tarehe 25 Julai mwaka 2024, Wizara ya Afya ya Burundi ilitangaza kwamba ugonjwa wa mpox umeingia nchini humo. Siku hiyo wagonjwa waliothibitishwa walikuwa watatu tu. Katika miezi iliyofuata, wilaya ya afya ya Bujumbura Kaskazini, ambamo umo mtaa wa Carama, ilikuwa miongoni mwa zilizoathirika zaidi.

Aina hiyo ya virusi ilianza kuonekana Kamituga, katika Kivu ya Kusini, mwaka 2023, na huko kujamiiana kulikuwa njia kubwa ya maambukizo. Mpox huambukizwa pia kwa kugusana kwa namna nyingine, na watoto wengi wameugua. Lakini kidonda cha sehemu za siri hakijitaji jina. Chaweza kuwa kaswende, malengelenge au mpox. Ndiyo maana daftari la mganga wa mtaa kama Carama lina uzito mkubwa.

Mahali pasipo na maabara, mganga hutibu kwa kufuata dalili: usaha, kidonda, au maumivu chini ya kitovu. Kila mwezi hesabu za dalili hizo hujumlishwa na kupelekwa wilayani. Hesabu ya mwezi mmoja haisemi mengi; ya miezi mingi iliyopangwa pamoja huonyesha mwelekeo.

Hata hivyo, tarakimu zaweza kudanganya. Dawa zikiisha zahanatini, wagonjwa hukimbilia maduka ya dawa, na taarifa itaonyesha kuwa ugonjwa umepungua. Akija mganga mwenye staha na siri, wengi hujitokeza, na ugonjwa huonekana umezidi. Aidha, wanawake wengi wenye kisonono hawana dalili, hivyo hawaingii katika hesabu. Kwa hiyo hapana budi tarakimu ziandamane na maelezo ya mganga. Wagonjwa wakirudi na usaha baada ya kumaliza dozi, habari hiyo yaweza kuwa dalili ya kwanza kwamba dawa imeshindwa.

Faida ya kazi hii si ya kubahatisha. Utafiti uliofanywa vijijini mkoani Mwanza, Tanzania, kati ya mwaka 1991 na 1994, ulionyesha kwamba kuboresha matibabu ya magonjwa ya zinaa katika zahanati kulipunguza maambukizo mapya ya virusi vya UKIMWI kwa kiasi cha asilimia 40.

Ni wajibu basi wa zahanati za serikali, za dini na za watu binafsi kutoa taarifa kwa wakati. Ni wajibu wa wakubwa wa wilaya kuzirudisha zikiwa zimechambuliwa, kwani taarifa isiyorudi ni sawa na barua isiyojibiwa. Nao wananchi wafahamu kwamba hesabu hiyo haihitaji jina la mtu. Anayekwenda kutibiwa mapema hujiponya mwenyewe, humkinga mwenzake, na huwapa waganga habari ya kuwakinga wengine.